Mmemkalia Matanga Mtu Aliye Hai

Kwihara, Tabora

Mwanangu Mihayo,

Umenyoa kichwa kwa ajili ya mkweo, na mkweo huyo nimemwacha nje sasa hivi anakula viazi. Shija hajafa. Hata mafua hakuugua. Kichwa umekinyoa bure, ng'ombe mmemla bure, na kama imekubakia aibu kidogo, funga kilemba mpaka nywele ziote.

Najua ilinipasa kutanguliza salamu. Haya, Tumsifu Yesu Kristu. U mzima? Mkeo mguu wake umepoa? Mvua mmepata hapo Ziba, au mawingu yanapita tu kama mwaka jana? Sisi tu wazima. Jicho la mtoto wa binti yako Kalunde linafunguka vizuri, na daktari amesema kitambaa kitaondolewa karibuni, ndipo turudi nyumbani. Dada yangu hapa Kwihara anatulisha bila kununa. Salamu zimekwisha, tuzungumze.

Barua yako ya pole niliisoma mara mbili, nikidhani macho yangu nayo yanataka daktari. Unanipa pole ya msiba wa Shija, unaniambia matanga yamekwenda vizuri, na kwamba mdogo wake, Masanja, "amekubali" kumrithi Kalunde na tayari amehamia nyumbani kwake ili nyumba isikae tupu. Amekubali. Kama vile kuna mtu aliyembembeleza. Sasa nisikilize jinsi mambo yalivyokuwa, kisha uwasomee wote waliokula nyama.

Alikuja hapa mama mmoja wa Kizungu, mrefu, amevaa suruali kama fundi wa reli, anatengeneza picha za sinema. Si mke wa mwenye kazi. Mwenye kazi ni yeye. Wanaume wawili wa Kizungu wenye masharubu walikuwa wakibeba kamera kuipeleka pale anapoonyesha kidole, wakisimama jua kali mpaka awaruhusu. Hilo nililipenda. Mengine yote upuuzi. Alisema anataka watu waone taabu za mwanamke aliyefiwa: ndugu wa mume wanamnyang'anya nyumba na shamba, naye hakati tamaa, analima pori jipya, anasomesha watoto, na mwishowe Bwana Shauri, mkubwa wa serikali, anakuja na motokaa kumrudishia mali yake. Nikamwambia mkalimani amuulize kama motokaa hiyo huja kwa kila mjane au kwa huyu mmoja tu. Mkalimani hakuuliza kitu, alicheka tu.

Mimi alinitaka niwe mama mkwe, nitwange. Kinu alichonipa hakikuwa na hata punje. Nikamwambia sijatwanga upepo tangu nizaliwe, nikarudi kivulini kwangu. Kalunde ndiye aliyepewa ujane. Maiti alikuwa mwoka mikate wa mjini, akipiga chafya chini ya sanda. Shemeji mnyang'anyi alikuwa fundi cherehani wa sokoni, mtu mpole ambaye ukimkemea anaomba radhi.

Wakataka Kalunde anyolewe, kama mfiwa wa kweli. Nilimkataza. Nilimwambia mwanamke hanyoi nywele mume akiwa hai, ni kumwitia kifo, na ukoo wa mumeo wakisikia hawatauliza habari za kamera. Akanijibu kuwa picha zile zitatazamwa na Wazungu huko kwao. Akanyoa. Akapewa kanga na sabuni.

Wazungu huko kwao. Haukupita muda, gari la sinema likafunga shuka jeupe hapa hapa mjini, Tabora nzima ikamwona kipara. Nami nilikwenda. Na nikwambie jambo lililonichefua: picha ile haina sauti yake. Kalunde anafungua mdomo, anatetea shamba lake, na unayemsikia ni mwanamume wa kwenye gari mwenye kipaza sauti, anasema analotaka. Yule mama alihangaika na jua letu kutaka mwanamke aonekane, kisha akampa mwanamume mdomo wake.

Na mwanamume huyo ndiye aliyefika kwenu Ziba. Dereva wa lori la pamba ameniambia yote. Alipomwonyesha Kalunde analia juu ya sanda, akawatangazia kuwa huyu ni dada yenu wa huku huku, mumewe alikwenda kazi ya mbali, sasa amefariki. Aliongeza chumvi apate watu wa kulia. Nanyi mlimwona mtoto wenu ana kipara, mkakumbuka Shija yuko mkongeni Tanga na hajaleta habari siku nyingi, mkaanza vilio palepale. Hakuna hata mmoja aliyesema tutume mtu Tabora akaulize. Mkaamini shuka.

Tena nimesikia kuhusu Masanja. Fundi cherehani alipoingia kwenye picha kuchukua jembe na mbuzi wa mjane, Masanja alisimama akamtupia bonge la udongo, akasema mwizi huyo hana ukoo na sisi, watu wazima wanaonea mwanamke aliyefiwa, Mungu atamlaani. Watu wakampigia makofi. Kulipokucha akasema, kama kule Tabora kuna mgeni anajifanya ndugu wa Shija ili ale mali yake, basi afadhali aichukue ndugu wa kweli. Akachukua jembe. Akachukua mbuzi. Akavuna karanga ambazo Kalunde alizipanda kabla ya kumleta mtoto hospitali. Akalala kitandani. Alitazama yale yote, akalia, akalaani, halafu akaenda kufanya hayo hayo kwa mpango ule ule.

Nawe, baba wa mtoto, ukakaa naye ukakubali. Usinidanganye kuwa ni kwa huzuni. Uliogopa ukoo wao wasije wakadai ng'ombe wa mahari, ukaona binti akirithiwa utalala usingizi wako. Mimi nilikuzaa, nakujua.

Sasa Shija. Alishuka kwenye treni na likizo yake mkononi, akaambiwa mjini tuliko, akatufuata Kwihara, siku ileile nilipokuwa naisoma barua yako. Nilimsomea, nikamweleza na habari za sinema, sikumficha. Kwanza aliuliza ni ng'ombe gani mliyechinja. Nikamwambia barua inasema ni yule mwekundu. Akasema, "Yule ni wangu." Akacheka peke yake. Kisha Kalunde akatoka ndani, nywele zimeota kidole kimoja tu, Shija akaacha kucheka.

Hakumpiga, hakupaza sauti. Alimuuliza tu, "Ulinililia nikiwa hai?" Nikaona mzigo wake bado ameushika mkononi, hajauweka chini, nikajua mtu huyu anaweza kugeuka akarudi kituoni, na mjukuu wangu atakuwa mjane bila maiti, kwa ajili ya kanga moja. 

Kalunde akasema, "Sikukulilia wewe. Yule mama aliniambia nilie, machozi hayakuja. Nikakumbuka shamba ninalolima peke yangu tangu ulipokwenda mkongeni, na mtoto anayeumwa macho na baba yake hajui. Ndipo yakaja. Kama ni kosa, basi nimelia kwa haki yangu."

Shija alimtazama mtoto na kile kitambaa jichoni. Akaweka mzigo chini. Akaniuliza mimi, si yeye, "Masanja analala kitandani kwangu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi tunarudi sote." Tangu wakati huo ndiye anayembeba mtoto kwenda hospitali.

Msalimie mkeo, maana dereva kaniambia yeye peke yake alikataa kunyoa, akasema hatamlilia mtu wa kwenye nguo. Umemzidi nini, sijui. Msalimie katekista aliyegonga kengele, mwambie arudishe sala zile alikozipeleka. Msalimie mama yake Shija, mpashe habari taratibu, ameketi chini, mwanawe anakuja. Wazee wa ukoo watasema aliyekwisha liliwa haingii kwake mpaka kuku mweupe achinjwe mlangoni. Sawa, wamtafute kuku huyo kwao, asitoke kwangu.

Tutapanda lori mara kitambaa cha mtoto kitakapoondolewa. Leo hii, barua hii ikiwa bado mkononi, nenda wewe mwenyewe, usimtume mtu, kamtoe Masanja katika nyumba ya binti yako. Mbuzi warudi zizini, karanga zirudi ghalani, jembe liegemezwe lilipokuwa, na kitanda ukioshe wewe kwa mkono wako. Kisha kaa mlangoni hapo na hicho kipara chako, umngoje Kalunde umwombe radhi kabla hajashuka kwenye lori.

Mimi mama yako,
Nyamizi