Tupa Yangu, Jina la Karim

Jumapili, baada ya Isha

Mimi ninayegombana na magazeti kwa barua kila wiki, leo nimemwacha fundi wangu abebe kosa langu mbele ya wanachama wa klabu ya shabaha.

Wenzangu huagiza vilengeo vya bastola, vile vyuma vidogo vya kulengea juu ya mtutu, kutoka Ulaya. Nilijigamba kuwa Karim, mkereza vyuma wa karakana za Shimanzi, atanitengenezea cha mbele kilicho bora zaidi. Akanitengenezea, akakiacha kirefu makusudi. "Usikiguse kwa tupa, ndugu yangu, mpaka ukijaribu. Chuma kikipungua hakirudi."

Jana, hapa nyumbani Kuze, nilikiona hakipendezi. Nikakisugua kwa tupa, nikakipunguza kwa kukisia tu, bila kukijaribu.

Kilengeo kikiwa kifupi, mdomo wa bastola huinuka. Leo kila risasi ilipita juu ya shabaha. "Sheikh, wawinda kunguru?" akauliza Salim, mwenyekiti wetu. Wakacheka. "Ndiyo kazi ya Shimanzi hiyo," akaongeza Salim. Wawili waliokuwa wameazimia kumpa Karim kazi wakasema basi, wataagiza nje.

Nikafunga sanduku langu, nikaondoka.

Tangu magharibi nakaa, nainuka. Nimemwandikia Salim barua, ikajaa hoja za ukoloni na viwanda vyetu, nikaichana. Habari yenyewe ni fupi: nilikatazwa tupa, nikaishika.

Asubuhi nitamwambia Salim dukani kwake, wateja wake wasikie. Kisha nende kwa Karim. Yeye hajui bado, na huyo ndiye ninayemwogopa.