Upole Uliomwacha Kaka Kibwana

Handeni,
6 Novemba, 1904.

Mpendwa dada Dorkasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, pamoja na shemeji Lukasi na mtoto Rosina. Je, homa yake imekwisha? Mimi nina uhai, namshukuru Mungu kwa huo. Mama anatembea. Mvua za vuli hazijanyesha vizuri, na mahindi tuliyopanda yamekauka yakiwa na majani manne.

Dada, barua hii nimeianza mara tatu. Kaa chini kwanza. Kaka yetu Kibwana amefariki. Alifia kwenye shamba la mkonge upande wa Mnyuzi, kwa ugonjwa wa kuhara. Nilipofika kumchukua, walikuwa wamekwisha kumzika siku mbili nyuma. Walinionyesha mahali. Pana makaburi mengi, nami sina hakika kama ni lile.

Nitakueleza yote, maana ukisikia kwa mwingine utadhani sina kosa.

Unajua kaka hakupenda tulivyobatizwa, wala nilivyoshika ualimu wa misheni. Mwezi wa Agosti alirudi kutoka mkonge, mgongo na mapaja yamechanika. Walimpiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa sababu ya kuchelewa kazini. Watu wakaja kumpa pole barazani kwa mama, nami nikaja. Akaniambia mbele ya wote kwamba dini yangu na kiboko vimekuja safari moja. Nikajibu taratibu kuwa padre wetu ni Mwingereza, si Mdachi kama hawa wa serikali, tena hana shamba. Akasema kwake ngozi ni moja. Muhidini, rafiki yake muuza tumbaku, akaongeza kuwa nimewauza baba zangu kwa kanzu nyeupe ya misheni. Hilo nalo halikunikasirisha. Nikawaambia Bwana Yesu mwenyewe alipigwa mijeledi na watu wa serikali, wala hakurudisha tusi. Wazee wakanisifu kuwa kijana huyu ana subira. Nilirudi nyumbani nimefurahi, dada. Nakuungamia hilo.

Kesho yake kaka alikuja kwangu peke yake. Hakuja kubishana. Kipande chake, ile kadi ya siku thelathini za kazi, kilikuwa kimebaki siku kumi na mbili, na vidonda havijakauka. Aliniomba niende naye kwa akida, mkubwa wa serikali hapa kwetu, nikamwombee apumzike, kwa kuwa najua kusoma, na watu wa misheni husikilizwa kidogo. Nikamwambia tungoje padre aje kutoka Korogwe, na kwa sasa tumwombe Mungu. Nilisema kwa upole ule ule. Kweli ni kwamba niliogopa.

Alinitazama, akasema, "Haya, mdogo wangu," akaenda zake. Siku ya nne askari walimchukua. Padre alifika wiki iliyofuata.

Niliporudi kutoka Mnyuzi, mama aliniuliza neno moja tu: "Upole wako umemsaidia nani?"

Nikisali maneno yanatoka, ila sijui yanakwenda wapi. Jumapili mbili nimesimama mbele ya watu na kitabu mkononi, nikashindwa kufundisha, nikawaambia waende nyumbani.

Juzi askari walimjia Muhidini. Tangu msiba alikuwa akinisema vibaya kila siku ya soko, nami nilikuwa nikipita nimenyamaza. Niliposikia mkewe Mwaija akilia, nilitoka kama nilivyo, nikafuatana nao mpaka kwa akida. Nikasema mtu huyu ana jipu mguuni, hawezi kutembea mpaka Mnyuzi. Akida akauliza nani ameniita. Nikasema hakuna, nikarudia maneno yangu. Akaniambia niondoke. Nikayarudia tena, ndipo wakanilaza chini na kunichapa.

Naandika nimesimama, dada, karatasi nimeiweka juu ya kichanja cha vyombo. Muhidini wamempeleka vilevile. Alipitishwa mbele yangu akichechemea. Nilidhani maumivu yangenipunguzia huzuni ya kaka. Hayakupunguza.

Jioni ile mama alikuja na maji ya chumvi, akanikanda. Tangu kaka afe alikuwa hajakanyaga kwangu. Alikanda mpaka maji yakapoa. Kisha akasema, "Ungekwenda siku ile, mwanangu."

Nikamwambia ndiyo. Akachukua bakuli lake akarudi kwake.

Msalimu sana shemeji Lukasi, na Rosina umshike mkono kwa ajili yangu. Mwaija anakusalimu, anashinda kwa mama siku hizi, wanatwanga pamoja. Mama mwenyewe hakunipa salamu. Amesema uje tu. Niombee, kama wewe bado unaweza. Mungu akulinde na nyumba yako yote, asikuache kama ninavyojiona nimeachwa.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Filemoni