Mzigo Uliobadilika Mama Akiwa Kliniki

Rotterdam, Uholanzi

Dada Kabula,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia dawa zimemkubali Mama, na kwamba sasa anashuka mwenyewe mpaka dukani. Natumaini nyumba nzima hapo Butimba mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, na hasira niliyo nayo inatosha kunipasha moto.

Umeniandikia kwamba kiwandani wanasema kompyuta yangu ndiyo iliyopitisha ule mzigo wa samaki wa sangara ulioukataa wewe mkaguzi wao. Eti ule ukurasa wa mtandaoni wa mizigo ulijibadilisha wenyewe. Na wewe, dada uliyenifundisha kusoma, ukaamini, ukaniomba nisiudhike. Nimeudhika.

Nilipoutengeneza ukurasa ule, meneja wenu mwenyewe ndiye aliyetaka wanunuzi wa Ulaya waone kila kitu papo hapo. Kwa hiyo nikauunganisha na kumbukumbu zenyewe za mizigo. Ukiandika "umepita" au "umekataliwa" ukahifadhi, kumbukumbu ya mzigo huo inatuma mstari mpya kwa kila aliyefungua ukurasa, na ule wa zamani unaondoka mbele ya macho yake. Haingoji ruhusa, wala haiulizi aliyeandika ni mkaguzi au meneja. Ni mpiga mbiu tu, anatangaza alichoambiwa. Huyo bwana amekuwa akiita wageni waje watazame mistari inavyosogea, tai shingoni kwenye joto lote la Mwanza, na kumbe mpaka leo hajui kinachoisogeza ni nini.

Kichwani mwake bado anatuma faksi. Hiyo papo hapo aliitaka kwa maneno tu; alidhani wanunuzi hawaoni kitu mpaka jioni, kazi ikishafungwa. Basi siku uliyompeleka Mama kliniki, baada ya wewe kuukataa mzigo asubuhi, akaingia ofisini kwako akafuta neno lako na kuweka lake. Chumba kile kina funguo mbili, na yako ulikuwa nayo kliniki. Sasa nani mwingine? Ulaya nzima ikatazama samaki wabovu wakigeuka wazima mchana kweupe. Mnunuzi mmoja alipiga simu hapa ofisini kwetu kuuliza samaki wa Mwanza huponaje baada ya kuoza. Nilicheka peke yangu.

Ndipo meneja wenu akasingizia mtambo. Bosi wangu, mtu wa kunywa kahawa na kukubaliana na yeyote anayelipa, akaniita.

"Ukurasa unaweza kujibadilisha?" akauliza.

"Hauwezi."

"Na tukisema unaweza, nani ataumia?"

"Dada yangu," nikamwambia.

Akanitazama kana kwamba nimetaja ugonjwa. Akanisogezea karatasi niandike kwamba programu yangu ina kasoro, ili mkataba wangu uendelee. Hivyo ndivyo wanavyoishi hawa wasomi wa huku. Wanajua ukweli vizuri kabisa, ila hawataki uwasumbue wakati wa chakula cha mchana.

Nawe huko kiwandani wamekupa karatasi yako, useme uliuona ukurasa ukibadilika bila kuguswa. Utauonaje, na ulikuwa kwenye foleni ya kliniki na Mama? Hata uongo hawa watu hawawezi kuupanga. Najua ukitia sahihi utabaki na kiti chako, na ninajua nyumba hiyo inakitegemea. Lakini kuanzia hapo kila mzigo mbovu utapita kwa jina lako. Atabadilisha anavyotaka na kuusingizia mtambo, mpaka siku mtu atakapougua kwa kula samaki wale. Siku hiyo polisi hawatauita mtambo kituoni, watakuita wewe. Naogopa hilo, dada. Dharau yangu kwa watu hawa ni kubwa, lakini hofu yangu kwa ajili yako ni kubwa zaidi.

Mpe Mama shikamoo yangu, na asiambiwe habari hizi mpaka apate nguvu. Msalimie shemeji Petro, mumeo, na umwambie viatu alivyoniagiza nimevipata. Mjomba Lufunga wa Bujora asalimiwe pamoja na ng'ombe wake, na mwanao Neema ambusu bibi yake kwa niaba yangu.

Karatasi yao irudishe bila sahihi. Yangu niliirudisha jana hivyo hivyo, na leo asubuhi wamenipa tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na kazi,
Masanja