Koti Zito Gulioni Nkoma

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka huko kwenye theluji. Huku tu wazima, pamba imeota. Unauliza kama nimewahi kuvaa koti zito kama lako. Nimewahi, ila sababu yake sijamwambia mtu.

Mitumba ilipoanza kuingia, nilinunua koti la manyoya, nikalivaa gulioni Nkoma juani, ili bibi yako anione. Kumsalimia niliona aibu.

Akanisogelea. "We kijana, una malaria?" Wenzake wakacheka.

Kabla sijakimbia, mvua ya mawe ikashuka. Akajibanza ndani ya koti langu. Baadaye nilimdanganya kwamba nililivaa kwa kuwa nilijua mvua inakuja.

Nasikia ndala zake mlangoni. Basi, sifichi karatasi, asome.

Amesoma, anacheka. "Mwandikie mtoto, mawingu niliyaona mimi. Unadhani nilikusogelea kwa nini?"

Babu yako