Picha Niliyoitoa Rangi

Mama yangu mpendwa,

Jambo sana. Mgongo unasemaje? Na goti la Baba, limekubali kupanda baiskeli? Sisi huku Lubumbashi tu wazima. Na wewe pia u mzima, Mama. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndugu yako, Mjomba Kasongo, ameondoka jana na lori kuja huko Mitwaba, akiamini umekufa. Simu yake haipatikani, na huko kwenu mtandao haufiki. Barua hii nampa mtu wa pikipiki, naomba Mungu amjalie afike kabla ya Mjomba. Kosa ni langu.

Unajua asali unayonitumia ilikuwa inalala tu chini ya meza yangu sokoni. Basi nikajiandikisha kwenye mafunzo ya kuuza kwa simu. Mwalimu ni kijana mmoja Mkasai, mdomo wake mtamu kuliko asali yenyewe. Alitufundisha mengi ya kweli: mjibu mteja haraka kabla hajaenda kwa mwingine, usipige chupa picha gizani, usianze na bei. "Bantu banapenda kuona muntu kwanza," alisema. "Muonyeshe ule mwenye kutengeneza." Tena akasema tuitoe picha rangi, tuiache kwenye bidhaa peke yake, jicho la mnunuzi litaikimbilia.

Nikachukua picha yako ile umesimama karibu na mzinga, chupa mkononi. Nikaitoa rangi yote, asali tu ikabaki inang'aa. Chini nikaandika: "Asante Mama. Utamu wako utabaki nasi." Nikaiweka kwenye status ya WhatsApp, nikaenda kuoga.

Mama, huku siku hizi picha ya mtu ikipandishwa bila rangi, hakuna anayengoja maelezo. Wanajua ni kilio. Nami nilijua, maana nimeshawalilia wengi kwa njia hiyohiyo. Lakini jana macho yangu yalikuwa kwenye asali.

Nilipotoka bafuni, mdogo wako wa Katuba, Mama Mudogo Ngoie, alikuwa tayari uani, anagaagaa chini. "Yaya weee! Dada yangu mukubwa weee! Uniache na nani?" Nyuma yake wanawake wa kwaya walibeba viti na unga wa kilio. Mjomba akanijia, macho mekundu. "Dada yangu alikufa, Bea, na miye njo nione ku téléphone, sawa vile muntu wa inje?"

Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Neno "mzima" lilikuwa limefika kwenye ulimi. Simu ikalia. "Pole sana, mama," mteja akasema. "Uniwekee machupa tatu, nimukumbuke mama yako." Kabla sijamaliza naye, mwingine akaandika, na mwingine. Nikajiambia ngoja niwajibu hawa kwanza. Nikainamisha kichwa juu ya simu, na watu wakadhani nalia. Wakanipigapiga mgongo, Mama! Asali yote ikaagizwa. Nilipoinua kichwa, Mjomba alikuwa ameshakwenda kutafuta lori, akuwahi kabla hujazikwa.

Ndipo nikasema ukweli. Mama Mudogo alijifuta vumbi usoni, akaniangalia sana. "Yaya iko muzima, Mungu asifiwe," akasema. "Na weye, uko muntu gani?" Wakabeba viti vyao. Unga waliuacha, na hakuna nyumbani kwangu anayetaka kuupika.

Picha nimeifuta. Wateja nimewaandikia kwamba u hai, anayetaka kuvunja agizo na avunje. Wengi wamevunja, na matusi juu. Nastahili. Jumapili sitaweza kwenda kanisani, kwa sababu kwaya nzima itanigeukia.

Msalimie Baba, na kaka yangu mkubwa na mke wake. Msalimie katekista, mwambie akisikia habari za kifo chako asipige kengele.

Mjomba atakuja akilia tangu barabarani. Usimtokee ghafla, ni mtu mzima, moyo wake si wa kuchezewa. Mpe maji, muache akushike mikono mpaka aamini. Na usimcheke, Mama, nakuomba. Jana kila mtu uani kwangu alikulilia kwa machozi ya kweli. Mimi peke yangu sikulia. Nilikuwa nauza.

Binti yako anayeona haya hata kuandika jina lake,
Béatrice