Mkataba wa Muhogo na Mikorosho Yangu

Mpendwa mdogo wangu Elia,

Unaikumbuka redio ya baba kule Marui? Siku ile ilisema balozi wa China na waziri wetu wamekubaliana, muhogo wetu mkavu utanunuliwa huko kwao. Ulirukaruka uani kama vile umeitwa Ikulu. Nilikucheka, nikakuambia hao Wachina hata hawakujui.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka Kibaha nikakuta mikorosho yangu imelala chini, yote. Baba alikuachia wewe shamba, lakini miti aliniachia mimi, maana niliipanda naye nikiwa darasa la tatu. Kwetu ardhi huwa ya huyu na miti ikawa ya yule, na wewe ulilijua hilo. Ulisimama na shoka, jasho linakutoka, ukasema, "Dada, tulia. Muhogo ukilipa nakujengea nyumba."

Sikutulia. Niliokota mpini wa jembe nikakupiga mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Shoka likaanguka. Ukapiga magoti, nami nikakupiga mgongoni, kisha kichwani, mpaka damu ikajaa sikioni. Majirani waliosikia kelele walinivuta kwa nguvu, mmoja nikamng'ata. Nilitaka ufe, Elia.

Kisha nikamwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba wewe ndiye uliyeanza, kwamba uliniinulia shoka. Nilikuwa nalia, wakaniamini. Vijana wakakufukuza kwa mawe hadi njia ya Maneromango, mkono unaning'inia. Hukujitetea hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Muhogo wenyewe kijiji kililima, kikauanika chini kama tunavyoanika siku zote. Wanunuzi wakakuta mchanga, wakaukataa wote. Mabalozi wanaendelea kupeana mikono kwenye televisheni, na mimi kila nikiwaona natamani kuivunja.

Juzi nilikwenda kwa mwenyekiti yule yule nikamwambia ukweli. Akaniuliza mbona leo, baada ya miaka yote hii. Akasema niuseme mbele ya kila mtu, basi nausema hapa gazetini: Elia hakuniinulia shoka. Mimi nilimpiga akiwa amepiga magoti.

Ukitaka, rudi. Usipotaka kuniona, nitaondoka Marui siku utakayofika.

Ubaki salama, popote ulipo.

Dada yako, aliyekuvunja mkono