Toa Zote

4 Juni

Kwako Dada,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, ila stoo ya rangi bado inanichafulia suruali. Wewe hujambo? Mgongo unaendeleaje, na ile mashine inayokata uzi?

Dada, shika kiti usianguke. Watu hapa wanatajirika kwa konokono. Usicheke. Kuna kampuni inasema ute wao unatengenezewa mafuta ya uso, basi kila mtu anafuga konokono wa mbegu. Mwezi uliopita mmoja ulimpata kwa bei ya mkate, leo ni bei ya viatu. Na hapa kazini hatusemi kununua, tunasema kutoa, yaani kutoa pesa uingie. Asubuhi hakuna hujambo, ni "umeshatoa?" Mimi nimetoa za mshahara wangu. Nina konokono kumi na wawili chini ya kitanda.

Pesa za kiwanja cha marehemu Baba tulichouza sijazigusa. Ziko benki kwa jina langu, zinangoja kununua chumba chako cha cherehani. Nimekuambia tu.

Mdogo wako,
Kifungo

11 Juni

Kifungo,

Dereva wa vitambaa kanifikishia barua yako salama. Nashukuru u mzima. Mgongo wangu ni uleule. Tangu ulipomeza kifungo cha koti la mteja naogopa kila unachookota, na sasa umeokota konokono!

Nina swali moja. Huyo anayenunua konokono ili amkamue huo ute, umewahi kumwona kwa macho yako? Au mnauziana nyinyi kwa nyinyi? Ulikuwa mdogo, huyakumbuki mambo ya mahameli. Bei ya jora ilipanda, mafundi wote wa mtaa wakanunua, Baba akanunua majora tisa. Fundi akamuuzia fundi, naye akamuuzia fundi mwingine, na hakuna aliyeshona hata mto. Siku walipomtafuta wa kuvaa, hayupo. Baba hakuwa mjinga. Ila alimwona jirani asiyejua hata kupima kola anaezeka nyumba kwa faida ya mahameli, akashindwa kuvumilia.

Mwenye nyumba amenipa mpaka tarehe thelathini Agosti. Nisipolipa, chumba anakichukua mtu wa vipuri, na mimi na wasichana wangu watatu sijui tutashonea wapi. Pesa zile usiziguse.

Halafu, kwa kudadisi tu, sasa wamefika bei gani?

Dada yako

2 Julai

Dada,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kinachouma.

Umeuliza bei. Wamefika bei ya baiskeli. Mmoja! Mpishi wa kantini, yule aliyekuwa akiniomba sabuni, juzi amekuja na pikipiki mpya kutuaga. Mimi nimeuza sita, nimepata mishahara mitatu. Nimezishika mkononi, si hadithi ya mtu.

Nimepiga hesabu. Pesa za kiwanja zikikaa humu wiki nne tu, unanunua chumba chako na cha jirani, unatoboa mlango katikati. Kila siku ninayosubiri naona kama naibiwa. Nawanunia watu ambao hawajanikosea. Bosi naye ametoa, mlinzi ametoa, nimebaki mimi na woga wangu.

Zile za chumba bado ziko benki. Nizitoe au niziache? Nitafuata neno lako.

Mdogo wako,
Kifungo

6 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Dereva anapiga honi, sina nafasi. Umeuliza utoe au uache. Toa. Toa zote, usibakize hata senti.

Dada yako

13 Julai

Dada yangu kipenzi,

Hujambo wewe mwanamke jasiri! Nimetoa zote. Nina konokono mia mbili na arobaini kwenye trei, bosi amenipa kona ya stoo. Nawalisha kabichi kwa mkono wangu. Leo tu wamepanda tena. Mwambie mwenye nyumba achonge kalamu.

Mdogo wako,
Kifungo

17 Julai

Kifungo,

Salamu baadaye. Umefanya nini? Nilisema utoe benki! Utoe, umkabidhi dereva, aniletee! Nani alikuambia uzitie kwenye konokono? Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa chini sakafuni mbele ya mteja.

Uza leo. Uza hata kwa nusu. Usingoje kesho, usimwulize mtu, uza.

Dada yako

10 Agosti

Dada,

Sijui nianze na salamu gani.

Barua yako ilifika bei ikiwa bado inapanda. Nikasema nitauza Jumatatu. Jumatatu ikawa juu zaidi, nikasema Alhamisi. Jumatano tukakuta kufuli kwenye mlango wa kampuni. Uwanja ulijaa watu wenye trei, kila mmoja anamwuliza mwenzake, "Unanunua?" Nilimwuliza mama mmoja, naye akaniuliza mimi. Sikuuza hata mmoja. Jioni watu waliwamwaga mtaroni.

Kuna jambo lazima nikuambie. Usiseme kwamba sikukuelewa. Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilielewa benki. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaelewa ninavyotaka.

Usinitafute mpaka nitakapokuwa na cha kuleta.

Mdogo wako

2 Oktoba

Kifungo,

Hujambo? Nauliza kwa moyo wote, maana barua zangu tatu dereva amezirudisha. Stoo wanasema uliacha kazi. Hii anampa mpishi wa kantini, ambaye ameuza pikipiki na kurudi jikoni. Anasema anajua unapolala.

Chumba kimekwenda. Nashonea kwenye baraza ya mwenye saluni, nimebaki na mashine mbili na msichana mmoja. Mvua ikinyesha tunafunika nguo za wateja kwa nailoni. Nilikukasirikia sana, na kila aliyeniuliza nilimjibu, "Mdogo wangu hakunielewa." Watu wananihurumia, wananiletea hata kazi. Huruma yao sasa inanichoma.

Siku ile dereva hakupiga honi. Alikuwa amekaa hapa kwangu anakunywa chai, hana haraka yoyote. Nilikuwa na nafasi ya kuandika kurasa mbili. Niliandika "niletee", nikaichana karatasi. Nilijua mnavyolitumia neno toa, uliniambia mwenyewe. Nikaliandika vile makusudi: zikizaa, dada alikubali, na zikipotea, mdogo alikosea kusoma. Kabla barua haijatoka mtaani nilishachukua futi yangu nikapima ukuta wa jirani, nikatia alama ya chaki pale tutakapotoboa mlango. Mtu wa vipuri ameniuliza ile chaki ni ya nini, nikamwambia sijui.

Miezi miwili umejificha kwa aibu ambayo nusu yake ni yangu, nami nimekuacha uibebe yote. Nisamehe, mdogo wangu. Hii ndiyo barua niliyopaswa kukuandikia Agosti, na sikuweza.

Usilete kitu. Njoo ulivyo. Nitakugombeza kwanza, maana hasira bado ninayo, kisha tutakula.

Dada yako